Plaketi Iliyotundikwa Ukutani

Baba yangu, Mwalimu,

Salaam aleikum. Nakusalimia kwa mikono miwili, kichwa nimekiinamisha, ijapokuwa hapa nilipo hakuna anayeniona nikiinama. Nipe kwanza habari za goti lako la kulia, lile lililokataa ngazi za msikiti mwaka jana. Limekubali kusujudu, au bado unaswali kwenye kiti? Na Mama je, kifua chake kimetulia? Mpunga wa kule bondeni umekomaa vizuri, au ndege wamekula tena kabla yenu? Mwamini, mdogo wangu anayekaa nanyi, aliniambia kwamba paa la jikoni limefunikwa upya. Nilifurahi. Mimi niko. Mwili ni mzima, nakula, nalala, sina ugonjwa ila ule wa kukaa peke yangu.

Najua umeshika kalamu nyekundu. Barua nilizokuandikia nilipokuwa nasoma Bukavu zilinirudia zimesahihishwa, na chini umeandika alama, sita juu ya kumi, saba juu ya kumi, na siku moja tu nane. Hii pia isahihishe ukipenda. Ila Baba, nakuomba uisome mpaka mwisho kwanza, ndipo uchukue kalamu.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu imenishinda. Mara ya mwisho nilipomtaja mdogo wangu Amisi ulisema, "Yule usinitajie tena," ukakata. Nilipopiga tena alipokea Mama, naye akaniuliza kama huku kuna mboga. Juzi Mwamini akanitumia sauti, ananong'ona, nadhani alikuwa nyuma ya nyumba. Alisema kwamba siku ya Idi, ndugu wote wakishakusanyika uwanjani kwetu, utasimama mbele yao utangaze kwamba Amisi si mtu wa nyumba yako tena. Nimeisikiliza ile sauti mara nyingi. Barua hii nampa mama mmoja wa Kindu anayerudi wiki hii. Amekubali kuikabidhi kwa mwenye pikipiki anayeshuka Kasongo. Naomba Mungu ifike kabla ya Idi.

Kwanza nina jambo langu la kukiri, maana sitaki kukufundisha ukweli huku nikikuficha wangu. Nilikwambia nafanya kazi katika labo, maabara ya chuo kikuu, na wewe ukawaambia wenzako wa msikitini kwamba binti yako ni mtafiti huko Ubelgiji. Labo ni kweli. Utafiti si kweli. Diploma yangu walisema haitoshi, wakaniambia nianze upya masomo ambayo niliyamaliza zamani, na mimi nilikuwa nimechoka. Ninatunza panya. Nafagia vizimba vyao, nabadilisha maji, nawapima uzito, naandika kwenye daftari. Nimefanya kazi hiyo miaka minne. Sikukwambia kwa sababu niliona haya, na kwa sababu ulikuwa unafurahi.

Nakaa katika chumba kimoja, dirisha linatazama ukuta wa gereji. Jirani wa mlango wa pili namjua viatu vyake tu, huviacha nje. Mwaka huu niliugua wiki nzima na hakuna aliyebisha hodi. Kiswahili nasema na nani? Nasema na panya. Nikiingia asubuhi nawaamkia, nawauliza wamelalaje, nikimkamata mmoja namwambia, "Haya twende, usiogope, ni mimi." Wenzangu wananicheka, lakini wanajua kwamba panya walioguswa na mimi hawaumi mtu. Usinicheke na wewe, Baba. Mtu asiposema lugha yake siku nyingi huanza kuhisi kwamba hayupo kabisa.

Sasa sikiliza wanachotafuta watu wa labo hii. Mkubwa wetu ni mama mmoja mwenye mvi, profesa, hula tofaa moja tu mchana na kurudi kazini. Siku moja alinikuta nikizungumza na panya, akauliza ninawaambia nini. Nikamweleza. Akavuta kiti, akaniuliza kama najua kwa nini wako pale. Nikamjibu kwamba najua ni mambo ya madawa ya kulevya, zaidi ya hapo sijui. Basi akaanza kunichorea nyuma ya karatasi ya majibu, na tangu siku hiyo kila Alhamisi mchana hunipa dakika chache. Ni mwalimu kama wewe, hawezi kuona mtu asiyejua akamwacha.

Alinieleza hivi. Seli za ubongo husemezana. Moja ikitaka kuiambia jirani yake jambo, humwaga kiasi kidogo cha kitu kinachoitwa glutamati katika nafasi nyembamba iliyo kati yao. Jirani akikipata, anaamka. Kila unachokumbuka, Baba, kila sura uliyofundisha watoto waikariri, kila njia ya kwenda shamba ambayo miguu yako inaijua hata ukiwa na mawazo mengine, imeandikwa kwa kitu hicho. Wanafunzi wako walipojua hesabu ya kuzidisha bila kufikiri, ni glutamati iliyopita njia ileile mara nyingi mpaka njia ikawa pana.

Lakini ikishasema, lazima iondolewe upesi. Ikibaki pale, jirani anaendelea kuamshwa bila sababu, na inafurika mpaka kwa majirani ambao hawakuitwa. Ikizidi sana huua seli zenyewe. Ndivyo inavyotokea mtu akipigwa na kiharusi. Kwa hiyo pembeni mwa seli hizo kuna seli nyingine zenye umbo la nyota, na juu ya ngozi yake zimejaa vitu vidogo sana ambavyo kazi yake ni moja: kuokota glutamati na kuirudisha ndani. Yule mama anaviita kwa jina la Kifaransa lenye maana ya wachukuzi. Nimelipenda jina hilo, kwa sababu nimewafikiria wale wanaume wa sokoni kwetu wanaobeba magunia siku ya soko, kisha jioni uwanja unabaki mweupe. Wasipofika siku moja, huwezi hata kupita.

Usije ukamkataza Mama kutia kube katika mboga ya sombe. Najua utasoma mahali kwamba ndani ya kube za supu kuna glutamati, na ni kweli, lakini ile ya chakula karibu yote haivuki mlango wa ubongo. Nimeuliza kwa ajili yako, maana nakujua.

Sasa tufike pale panapotuhusu. Panya akizoeshwa dawa kali, ya jamaa moja na zile tramadoli za machimboni, vidonge vya maumivu alivyomeza Amisi, kisha akaachishwa, wachukuzi hupungua katika sehemu ile ya ubongo inayosukuma mtu kutaka na kwenda kutafuta. Dawa imeisha mwilini, kutetemeka kumeisha, panya anakula, ananenepa, ukimtazama utasema amepona. Siku za kawaida hakuna tatizo, maana hakuna la kuokota. Shida huja siku anapoona ishara ya zamani. Ishara tu, si dawa. Hapo glutamati humwagika kwa wingi, wachukuzi hawatoshi, na mnyama mzima anageuka kuwa ile hamu moja.

Nilimsikiliza nikaelewa kwa kichwa. Kuelewa kwa macho kulikuja baadaye.

Kulikuwa na panya dume mmoja niliyemwita Mukubwa kwa sababu ya maringo yake. Alikuwa amefundishwa katika sanduku maalumu: akibonyeza kijiti anapata dawa, na kila akipata, taa ndogo inawaka na kengele inalia. Kisha wakamtoa, nikapewa mimi nimtunze katika kizimba cha kawaida, wiki baada ya wiki. Siku za kwanza alikuwa mbaya, manyoya yamesimama, hataki kuguswa. Nilimvumilia. Nikamletea karatasi laini za kutengenezea kiota. Mwishoni alikuwa anakuja mwenyewe mkononi na kulala katika kiganja changu. Nilimwandikia katika daftari: hali nzuri. Nilijivuna, Baba, nilidhani ni mimi niliyemponya.

Siku hiyo, saa nane mchana, wakaniambia nimlete. Wakamrudisha katika sanduku lake la zamani. Dawa haikuwemo, hata tone, mimi mwenyewe niliona mrija umekatwa. Alizunguka, akanusa pembe zote, akakaa kuosha uso. Nikasema kimoyomoyo, unaona, amesahau. Halafu wakawasha ile taa ndogo.

Mukubwa alibonyeza kijiti. Akabonyeza tena, na tena, kwa miguu miwili, kwa meno. Nilimwita jina lake kupitia kioo, hakugeuza hata sikio. Hakuna kilichotoka katika mrija na bado alibonyeza, kwa ajili ya taa tu. Yule mama profesa alikuwa anaandika saa. Mimi nilikuwa nimeacha kumtazama panya. Nilikuwa naona ukuta wa sebule yetu kule Kasongo.

Nakwambia mambo haya kama ninavyoyajua mimi, na penye kosa utie nyekundu. Amisi alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu kwa sababu alitaka kuoa. Kule shimoni alipewa vidonge kama wanavyopeana wote, ili mgongo usiume na usingizi usije. Mwaka wa pili alikuwa havimezi ili achimbe tena. Alikuwa anachimba ili avimeze. Ni wewe uliyepanda pikipiki na goti hilo bovu mpaka Salamabila ukamtoa. Ni wewe uliyekaa naye siku zile alipotapika na kutoa jasho, ukamwosha kama mtoto mchanga. Mama ameniambia. Hilo silisahau, na kama kuna mtu wa ukoo anasema kwamba hukumpenda mwanao, mlete kwangu.

Akapona. Akala, akanenepa, akaenda nawe msikitini, akaweka toba mbele ya watu. Ndipo ukafanya ulichofanya miaka yote darasani. Sisi tuliopita mikononi mwako tunajua: hukuamini kwamba mtoto ameshika somo mpaka umwekee kitu chenyewe mbele ya macho. Ulituletea jino la kiboko wa Lualaba tulipojifunza wanyama. Ulituletea ngozi ya nyoka ndani ya chupa, ukaiacha mezani mwaka mzima tusije tukaingiza mikono katika matundu. Basi ukachukua plaketi ya mwisho ya vidonge iliyokuwa mfukoni mwa Amisi, ile karatasi ya kung'aa inayofunga vidonge, vyenyewe umeshavitupa, ukaipigilia msumari ukutani, mkabala na mkeka tunapolia chakula. Chini yake ukaandika tarehe ya toba yake kwa mwandiko wako mzuri. Ulitaka kila akinyanyua macho kutoka kwenye sahani aone alikotoka. Ulinitumia picha. Nikakujibu, "Safi sana, Baba, hapo hawezi kusahau."

Hakusahau. Mara tatu kwa siku, Baba, asubuhi, mchana na jioni, tulimwashia taa.

Alivumilia wiki saba. Mimi sasa nashangaa zile wiki saba, siishangai ile siku aliyoanguka. Mukubwa hakuvumilia dakika mbili. Amisi aliondoka na baiskeli yako, ile uliyoipanda kwenda shule tangu mimi sijazaliwa, akaiuza mjini na kurudi kwenye vidonge. Ukasema bora angekupiga kofi. Nakuelewa. Kosa la baiskeli ni lake, analijua, na sikuombi useme kwamba hakukosa. Nasikia pia sauti yako hapa nilipo: kwani mutu ni panya? Mutu iko na akili, iko na dini yake. Ni kweli. Lakini akili na dini vinakaa ndani ya ubongo huohuo, na ubongo wa Amisi kwa sasa hauna wachukuzi wa kutosha. Anaweza kushinda. Nakuomba tu tusimpiganishe kila anapokula.

Na usidhani nakuwekea mzigo peke yako. Wiki zile saba nilikuwa nampigia simu kila Jumapili, na swali langu la kwanza, hata kabla ya kumjulia hali, lilikuwa: hujagusa tramadoli? Alikuwa anajibu hapana, taratibu, kisha tunaagana. Nilijiona dada mwema. Hata siku moja sikumuuliza kuhusu mpunga, wala kuhusu mpira, wala kuhusu yule binti aliyetaka kumwoa. Nilimtajia jina lile Jumapili zote saba. Wewe ulitundika yako ukutani, mimi nilimwingizia yangu sikioni, na tulikuwa na nia njema sote wawili.

Sasa nikwambie yuko wapi, kwa sababu ninajua, na Mama anajua, na tulikuficha. Yuko Lusangi kwa Mjomba Kitenge, ndugu wa Mama. Alifika kule kwa miguu yake, amekonda, hana viatu. Mjomba hakumuuliza kitu. Alimpa jembe na sehemu ya kulala, wakaanza kupalilia. Ameshakaa miezi minne. Zile dalili za mwili zimepita. Nimemsikia kwenye simu, sauti imerudi kuwa yake, ameanza hata kunitania kwamba nitaolewa na panya. Lusangi pia wanachimba, na Mjomba anajua. Shamba alilompa liko upande usiopita wachimbaji, na siku ya soko humwachia kazi ya nyumbani. Mjomba hakuwahi kusoma mambo ya ubongo. Nilipomsifu alisema tu kwamba mtu aliyeungua huwezi kumketisha tena karibu na jiko.

Wiki iliyopita Amisi aliniambia anataka kuja nyumbani siku ya Idi. Mjomba atamsindikiza. Anataka kusimama mbele yako aombe msamaha wa baiskeli. Nikamuuliza kama anakuogopa. Akaniita dada yake mkubwa, akasema:

"Yaya, miye siogopi Baba. Baba anipige, aniseme mbele ya watu, nitapokea. Niko naogopa kile kitu kwa ukuta. Nikiingia pale ndani, macho yangu itaenda kule. Najua itaenda."

Nilimwambia nitaandika barua.

Najua hapa unatafuta nimeficha wapi jina la dawa ya kumponya. Ipo dawa moja, si ngeni, manesi wanaitumia kulainisha makohozi mazito, na mtu aliyemeza parasetamoli nyingi hupewa hiyo. Kwa panya wetu inarudisha wachukuzi, na wengi wao taa ikiwaka hukaa tu wakitazama. Nilipoliona hilo nilitaka kukimbia niinunue na kumtumia Amisi. Yule mama profesa akanizuia. Alisema kwa watu majibu hayajakaa sawa, imesaidia wengine na wengine haikuwasaidia, na si ya kujimezea bila daktari. Kwa hiyo usimtume mtu famasi. Sina dawa ya kukutumia. Nilitamani niwe nayo, ningejiona nimekuja huku kwa sababu fulani.

Wala siwezi kukuahidi kwamba hataanguka tena. Wachukuzi hurudi polepole, hakuna anayejua ni miezi mingapi kwa mtu kama Amisi, na Salamabila haihami. Anaweza kuanguka hata kama tutafanya yote vizuri. Ila nimejifunza kwamba kuanguka siku moja si ushahidi kwamba toba yake ilikuwa uongo. Ile toba ilikuwa kweli. Nilimsikia akiisema kwenye simu.

Baba, niliwahi kuwa mwanafunzi wako darasa la tatu, unakumbuka, kiti cha mbele kwa sababu ulisema binti wa mwalimu asijifiche. Siku moja ulikosea kugawanya ubaoni, na mtoto wa fundi cherehani akainua mkono akakwambia. Darasa zima tulijua atachapwa. Ukatazama ubao. Ukachukua kitambaa ukafuta kazi yote, si ile tarakimu moja tu, ukasema, "Mwalimu amekosea, tuanze upya." Mimi nimekaa na walimu wengi tangu siku hiyo, wengine wana majina makubwa, na sijaona mwingine aliyefuta hivyo mbele ya watoto. Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na furaha ambayo sikuweza kuieleza, kwa sababu mtu huyo alikuwa baba yangu.

Mukubwa hayupo tena. Baada ya jaribio hawaachwi hai, lazima ubongo wao utazamwe, na ni mimi niliyembeba kumpeleka. Nilimwambia ni mimi, asiogope, na hakuuma. Siku nzima sikuweza kula. Hakuna mtu hapa ningeweza kumweleza kwamba nalia kwa ajili ya panya. Nimekueleza wewe.

Siku ya Idi nitakuwa kazini, panya hawana sikukuu. Nitaswali katika chumba cha kubadilishia nguo, kati ya makabati, kisha nitavaa glavu. Saa ile ninyi mtakuwa mmeketi uwanjani, na Mama atakuwa anapakua wali wa mpunga mpya na kuku wa mawese, na ninajua ni nani atakayegombania shingo. Usinionee huruma, nakwambia tu mwili wangu utakuwa wapi, maana mwenyewe nitakuwa hapo.

Nisalimie Mama, mwambie mboga huku ziko ila hazina ladha. Nisalimie Mwamini, na usimgombeze kwa kuninong'onezea. Hasira zako zote nitumie mimi, huku zitanipasha moto. Nisalimie shangazi anayeuza mchele sokoni, na imamu wetu, na umwambie kwamba yule mtafiti wa Ubelgiji anasafisha vizimba. Mwambie wewe mwenyewe, nimechoka kuwa mwongo.

Amisi atafika na Mjomba kabla ya chakula. Ninamjua, hataingia, atasimama nje karibu na pipa la maji akijifanya anatazama barabara, mpaka mtu amwite. Sitaki aitwe na Mama wala Mwamini. Nenda wewe, Baba, na goti lako hilohilo. Usimuulize anatoka wapi, usimuulize ameacha tangu lini, usimtazame machoni kutafuta dalili. Mwambie anawe mikono, chakula kinapoa.

Binti yako anayekuheshimu,

Zaina